Mwingilianomatini katika uchoraji na majengo ya usasaleo: maswali tunayoulizwa Kisumu

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbili. Kuna wanafunzi wanaokuja na zoezi la mhadhiri mkononi, muda umeshawaishia. Halafu kuna wale tunaotembea nao mjini Jumamosi asubuhi kuangalia majengo: mafundi, walimu, wenye ploti wanaotaka kujenga. Sikuwatenganisha, kwa sababu mara nyingi swali la fundi ndilo humfungua mwanafunzi macho. Usasaleo ni ule mkondo wa sanaa na ujenzi ulioenea kuanzia miaka ya 1960 kuujibu usasa, yaani mkondo uliotaka maumbo mapya, safi, yasiyo na historia. Ukiwa na haraka, ruka mpaka swali lako.

Mwingilianomatini ni nini hasa?

Ni namna kazi moja inavyobeba nyingine ndani yake: inaitaja, inaijibu, inaigeuza au inaifanyia mzaha, na anayeitambua ile ya awali huiona hii mpya kwa macho mengine. Aliyeipa dhana hii jina ni Julia Kristeva, mzaliwa wa Bulgaria aliyehamia Paris, katika miaka ya 1966 na 1967 alipokuwa akiwaeleza Wafaransa mawazo ya Mrusi Mikhail Bakhtin. Kwa Kristeva hakuna matini inayoanzia kwenye ukurasa mtupu.

Aliyesoma ushairi wa Kiswahili hana haja ya kwenda Paris. Mtunzi wa takhmisa huchukua utungo wa aliyemtangulia, pengine aliyefariki zamani, akaweka mishororo yake mitatu mbele ya miwili ya mwenyewe, ubeti ukawa wa mitano. Ile miwili haikuguswa hata herufi. Lakini isome baada ya mitatu mipya, uone kama bado inasema jambo lilelile. Sijasikia mtu akimwita mtunzi wa takhmisa mwizi.

Nyumba haina maneno. Inanukuuje?

Kwa umbo. Ukiona kuba na mnara unajua huo ni msikiti kabla hujasikia adhana, maana macho yako yalishaona kuba nyingine. Nguzo nene yenye mifereji hukupeleka kwa Wagiriki na Warumi, au kwenye benki na mahakama, ambako wengi wetu ndiko tulikoziona kwanza. Mchoraji ana nafasi kubwa zaidi: hunukuu mkao wa mtu, mpangilio wa picha nzima, hata jinsi mwanga unavyoangukia bega. Msanifu majengo hunukuu vipande vipande, kwa kuwa jengo lake lazima lisimame, lisivuje, na lipite kwa wakaguzi wa kaunti.

Tofauti yake na kunakili ni ipi?

Jiulize hivi: ukikijua chanzo, kazi mpya inapungua au inaongezeka? Nakala hupungua. Ukigundua picha uliyoisifu imechukuliwa mahali, sifa yote inahamia kwa mwenyewe. Kazi inayojibizana na chanzo chake huongezeka.

Mfano ninaoupenda ni wa Robert Colescott, Mmarekani mweusi. Mwaka 1851 Emanuel Leutze alimchora Jenerali George Washington akivuka mto Delaware wakati wa Krismasi ya 1776, kifua mbele, bendera nyuma yake, mabonge ya barafu majini. Wamarekani hukua na picha hiyo katika vitabu vya shule. Mwaka 1975 Colescott akaichora upya: mashua ileile, barafu ileile, mkao uleule. Ila aliyesimama mbele ni George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyejulikana kwa utafiti wa njugu karanga, na waliomo mashuani si wanajeshi. Kuna mpishi, mpiga banjo, mlevi na pombe yake, mama mnene wa kwenye pakiti za unga wa chapati. Vikaragosi ambavyo Wamarekani weupe waliwachorea weusi kwa miaka na miaka. Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni. Kwani shule zilipotakiwa kutaja mashujaa weusi, si zilimtaja huyohuyo Carver zikaona yatosha? Na hata huyo mmoja, angalia amesafirishwa na nani.

Iondoe picha ya Leutze kichwani, mashua ya Colescott inabaki kichekesho cha matusi. Inamhitaji Leutze ili imshtaki. Mwaka 2021, Colescott akiwa amefariki tangu 2009, picha hiyo ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 15.3.

Kwani wachoraji wa zamani hawakuwa wakichukuliana?

Walichukuliana sana. Manet alipochora *Olympia* mwaka 1863, mkao wa yule mwanamke kitandani ulitoka kwa Titian, aliyechora Venus yake mwaka 1538. Hapo mungu wa kike wa Kirumi aligeuzwa kahaba wa Paris anayekutazama bila haya, na watu wakakasirika kwelikweli. Marcel Duchamp naye mwaka 1919 alichukua kadi ya *Mona Lisa* akamchorea masharubu.

Jambo lililobadilika kuanzia miaka ya 1960 ni kwamba wasanii waliacha kujifanya wanaanza upya. Wanausasa walikuwa na ndoto ya kufuta ubao: maumbo safi, rangi safi, historia nje. Wanausasaleo wakasema ubao haufutiki. Wakaongeza na jambo la pili, ambalo kwetu ni rahisi kulielewa: mara nyingi chanzo chenyewe tunakijua kwa nakala.

Ingia sebule za Migosi, Nyalenda au kijijini kule Vihiga. Ukutani, karibu na kalenda ya duka la mbolea na picha za mahafali, utaikuta Karamu ya Mwisho. Imefumwa kwenye zulia la kutundika, au imechapwa kwenye plastiki, au ni ile yenye vitaa vya rangi pembeni mwa Yesu. Leonardo da Vinci aliichora ukutani Milan kati ya takriban 1495 na 1498, kwa rangi iliyopakwa juu ya ukuta mkavu, na ikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa bado hai. Kwa hiyo Karamu tunayoifahamu sote ni ya zulia. Andy Warhol, msanii wa Marekani, alilifahamu hilo vizuri. Mwaka 1986, alipoombwa kazi za kuonyeshwa Milan, hakwenda kukaa mbele ya ukuta wa Leonardo na penseli. Alitumia nakala za bei rahisi, akazirudiarudia, nyingine akazipachika nembo za bidhaa za dukani. Maonyesho yalifunguliwa Januari 1987 ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa lenye picha ya asili. Mwezi uliofuata Warhol akafariki. Watu hubishana mpaka leo kama alikuwa akiidhihaki imani au akisali. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda kanisani. Mimi naona alichora lile zulia la sebuleni, na aliliheshimu.

Wasanifu majengo waliingiaje katika mambo haya?

Kwa kuchoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji mingi ilijaa masanduku ya kioo na zege yasiyo na pambo lolote. Msanifu Mies van der Rohe alihimiza kwamba kichache ndicho kingi. Mwaka 1966 Robert Venturi wa Philadelphia akamjibu kwa kitabu kizima, na kwa utani uliobaki: kichache huchosha. Miaka miwili kabla alikuwa amemaliza nyumba ya mama yake. Mbele inafanana na nyumba anayochora mtoto wa chekechea, yenye paa la mteremko, dohani na mlango katikati. Ila paa limepasuliwa katikati, na tao lililo juu ya mlango halibebi kitu. Ni tao la kusomwa.

Mke na mwenzake kazini, Denise Scott Brown, alizaliwa nchi ambayo leo ni Zambia na kukulia Afrika Kusini. Mwaka 1968 wawili hao waliwapeleka wanafunzi Las Vegas wakasome mabango ya kamari na maegesho ya magari kama wengine wanavyosoma mahekalu ya Roma. Tuzo ya Pritzker ya 1991, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, alipewa Venturi peke yake. Kina mama wanaosoma usanifu majengo hawajaacha kulilalamikia hilo, na wana haki.

Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilianza kulipua Pruitt-Igoe, mtaa wa makazi ya umma mjini St. Louis wenye majengo 33 ya ghorofa 11. Charles Jencks, mwandishi wa mambo ya usanifu majengo, alidai kwamba usasa katika ujenzi ulikufa siku hiyo. Ni maneno matamu, lakini mtaa ule uliuawa zaidi na umaskini, ubaguzi na kukosa pesa za matengenezo kuliko na ramani ya msanifu. Mtu aliyekaa katika fleti za umma zisizopakwa rangi tangu zijengwe hahitaji kuelezwa hayo. Mchango mkubwa wa Jencks, katika kitabu cha 1977, ni hoja kwamba jengo la usasaleo huzungumza lugha mbili kwa wakati mmoja: moja kwa wasanifu wenzake, nyingine kwa mpita njia. Shika hoja hiyo. Tutaihitaji tukifika Siaya.

Nikitaka kulisoma jengo moja tu, nianze na lipi?

Neue Staatsgalerie ya Stuttgart, Ujerumani, iliyosanifiwa na James Stirling na kufunguliwa mwaka 1984. Ni makumbusho ya sanaa. Katikati kuna uwanja wa duara, na aliyesomea kazi hii anakumbuka mara moja makumbusho ya msanifu Schinkel yaliyofunguliwa Berlin mwaka 1830, ambayo moyo wake ni ukumbi wa duara wenye kuba. Stirling ameliondoa kuba. Unasimama ndani ya duara lilelile la heshima, mvua inakunyeshea, na njia ya umma inapita humohumo, kwa hiyo anayekwenda sokoni anakatiza makumbusho bila kulipa tiketi.

Lakini kitu cha kukitazama kwa karibu kiko chini, kwenye maegesho ya magari. Kuta za jengo zinaonekana za mawe mazito, mistari ya rangi mbili kama ngome. Mahali pamoja mawe yameanguka ukutani yakalala kwenye majani, kama gofu la kale. Yameachwa palepale makusudi. Tundu lililobaki ndilo linaloingiza hewa kwenye maegesho, na ukichungulia unaona kwamba yale "mawe mazito" ni vibamba vilivyotundikwa, nyuma yake kuna zege. Kwa hila moja msanifu ametaja magofu ya Roma, amecheka ukale wa bandia wa jengo lake mwenyewe, na amepitisha hewa.

Mengine mawili kwa ufupi. Jumba la AT&T mjini New York, lililokamilika mwaka 1984, ghorofa 37 za graniti ya rangi ya waridi, lina kilele kilichopasuka katikati kama kabati la Kiingereza la karne ya 18. Aliyelisanifu ni Philip Johnson, aliyekuwa amefanya kazi na Mies mwenyewe kwenye jumba la Seagram la mwaka 1958. Alikuwa anajibizana na ujana wake. Na Piazza d'Italia ya Charles Moore, New Orleans, 1978: chemchemi yenye ramani ya Italia ya mawe, Sicily ikiwa katikati kwa sababu Waitaliano wengi wa mji ule walitoka huko, nguzo za mitindo yote ya kale, nyingine za chuma kisichoshika kutu, taa za neoni, na uso wa Moore mwenyewe ukitema maji. Haikupita miaka mingi ikawa imechakaa vibaya hadi ikabidi ikarabatiwe. Mzaha wa saruji nao unataka bajeti ya matengenezo.

Nguzo za Kirumi kwenye nyumba za huku kwetu nazo ni usasaleo?

Hili ndilo swali la mafundi, na ndilo bora kuliko yote.

Nguzo peke yake, hapana. Kando ya barabara nyingi za magharibi mwa Kenya kuna watu wanaomimina saruji kwenye ukungu na kupanga nguzo na vijiti vya baraza kwenye jua zikauke. Mteja anachagua kwa urefu na bei. Hajibizani na Roma. Anataka nyumba yake ionekane ya mtu aliyefanikiwa, na nguzo huleta maana hiyo kwa kuwa majengo ya serikali ya kikoloni na ya mabenki yalizivaa. Kuna kuathiriwa hapo. Mazungumzo, bado.

Sasa toka barabarani uingie ndani ya boma lenyewe, tuseme kule Siaya au Nyakach. Mbele kuna jumba la vigae vyekundu, nguzo nne, madirisha ya tao. Lakini angalia lilipokaa. Nyumba ya mke wa kwanza imelitazama lango kuu. Karibu na lango kuna simba, yaani nyumba ya mtoto wa kiume, pengine ya mabati matupu, mwenyewe yuko Nairobi na huja Desemba tu. Hakuna aliyethubutu kuijenga simba nyuma ya nyumba ya baba ati kwa sababu huko ndiko kuna kivuli. Mpangilio wa dala, yaani boma la Kiluo, umeshikwa vilevile, na hata vigae vya Mombasa havikuuhamisha.

Jencks angekuwa hai angefurahi. Nguzo zinazungumza na barabara. Mpangilio unazungumza na wazee. Boma moja, lugha mbili, na kila msomaji ana lugha yake anayoielewa kwanza. Mimi nakubali kuliita boma kama hilo kazi ya mwingilianomatini, hata kama aliyelijenga hajawahi kusikia jina la Venturi. Kukusudia si lazima. Ninachodai ni kwamba matini zote mbili ziwe zinafanya kazi na zinasuguana. Lile jumba la nguzo nne lililojengwa Milimani kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia halina huo msuguano. Samahani kwa wenyewe.

Na mnara wa saa wa Oginga Odinga Street?

Uliwekwa mwaka 1938 kwa kumkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha. Minara ya saa ilienea katika miji ya Uingereza na ya Bara Hindi chini ya Waingereza, na huu wetu umefuata nyayo hizo bila kuzigeuza. Una historia nzuri, lakini si usasaleo. Tunauanzia matembezi kwa sababu kila mtu anaujua.

Ber-gi-dala pale Makumbusho ya Kisumu ni nakala tu?

Nilidhani swali hili ni jepesi mpaka mwanafunzi mmoja aliponibana. Ber-gi-dala ni boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi ndani ya makumbusho: nyumba ya mwenye mji, za wake zake watatu, ya mtoto wake mkubwa wa kiume, ghala na mazizi. Watoto wa shule huingia, wakaoneshwa kila kitu kinapokaa. Lakini mwenye mji huyo hakuwahi kuishi. Ni mtu wa kubuniwa.

Basi ni nakala ya nini? Hakuna boma fulani mahali fulani lililonakiliwa hapo. Kilichonukuliwa ni kanuni, sarufi ya boma, ikapewa mhusika kama hadithi inavyopewa. Wanausasaleo wa Ulaya na Marekani waliandika mno kuhusu nakala zisizo na asili, wakiwa wanafikiria Disneyland. Sisi tunayo yetu yenye nyasi juu, na haina dharau yoyote ndani yake. Ni ya kufundishia. Nikiambiwa nichague kati yake na Disneyland kama mfano wa mtihani, najua nitakalochagua.

Kuna mchoraji wa Kenya anayefanya haya?

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Hachorei turubai la kawaida. Huchorea lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachotengenezwa Buganda, ng'ambo ya ziwa letu hili, ambacho huvaliwa katika sherehe na kuzikia wafu. Gome likigongwagongwa hupata matundu na mishono, na Armitage huyaacha yaonekane. Kwa hiyo kabla hajaweka rangi, tayari amenukuu: uchoraji wa mafuta wa Ulaya umelazwa juu ya sanda ya Kiganda, na matundu yanautoboa.

Tazama kazi yake ya mwaka 2015 iliyopewa jina la kilio cha maandamano ya Nairobi ya Novemba 2014, "My Dress My Choice". Wakenya wanakumbuka: mwanamke alivuliwa nguo hadharani na genge la wanaume kwenye stendi ya matatu, video ikasambaa, wanawake wakaandamana. Armitage amemlaza mwanamke akiwa amegeuza mgongo, na mkao huo ni wa Venus ya Mhispania Velázquez, iliyochorwa karibu mwaka 1650 na iliyoko London. Juu yake kuna miguu ya wanaume waliosimama wakitazama.

Mkao uleule ambao Ulaya imeusifia kwa karne tatu na zaidi kama kilele cha urembo, hapa ni wa mtu aliyeshambuliwa. Na miguu ile ni ya nani? Ya genge, ndiyo. Lakini mtazamaji wa makumbusho naye amesimama vilevile, anatazama mwili uleule. Kuna jambo jingine: mwaka 1914 mwanamke mmoja aliyekuwa akipigania haki ya kura, Mary Richardson, aliikatakata Venus ile ya Velázquez kwa shoka dogo la jikoni. Miaka mia kamili kabla ya maandamano ya Nairobi. Ukishalijua hilo, matundu ya lubugo hayatakuwa matundu tu.

Picasso na vinyago vya Afrika je? Huo si mwingilianomatini?

Ni kuchukua, na aliyechukuliwa hakutajwa. Mwaka 1907 Picasso aliweka nyuso za vinyago kwenye picha ya wanawake watano wa danguro. Wachongaji hawakupewa jina, wala hakuna aliyeuliza vinyago vile vilikuwa vikicheza ngoma gani. Colescott alirudi kuijibu picha hiyo mwaka 1985 kwa kuwahamishia wanawake wale Alabama. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Asiyejua chanzo anapoteza nini?

Anapoteza kiasi, si yote. Mwaka 2005 Kehinde Wiley alimchora kijana mweusi mwenye buti za Timberland na suruali ya kijeshi juu ya farasi anayeinua miguu, akifuata picha ya Napoleon ya Jacques-Louis David ya 1801. Kijana wa bodaboda Kondele anaielewa bila kumsikia David: ni mtu wa kawaida aliyechukua kiti cha mfalme. Akiambiwa zaidi kwamba kwenye mawe ya chini David aliandika majina ya Bonaparte, Hannibal na Charlemagne, na Wiley akaongeza "Williams", atatabasamu. Na akiambiwa kwamba Napoleon halisi alivuka milima ile juu ya nyumbu, atacheka.

Lawama iliyo ya haki ni hii: kazi nyingi za usasaleo zinawakonyezea wachache waliosoma shule moja. Huku kwetu matini tunazozijua pamoja ni Biblia, Korani, methali, nyimbo za benga na habari za uchaguzi. Mchoraji wa Kisumu anayemnukuu Velázquez bila kugusa hata moja kati ya hizo, atuandikie maelezo ukutani.

Naweza kutumia picha ya msanii mwingine ndani ya yangu? Sheria inasemaje?

Nchini Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki za mchoraji hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Leonardo ni wa wote. Msanii aliye hai, muombe ruhusa.

Kusema "ni usasaleo" si kinga mahakamani. Msanii Mmarekani Jeff Koons alichukua kadi yenye picha ya watu wawili na watoto wa mbwa, akatengeneza sanamu yake mwaka 1988, akashtakiwa na mpiga picha. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani ikamtia hatiani, hoja yake kwamba ilikuwa dhihaka ikakataliwa. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba wakfu wa Warhol haukuwa na haki ya kulipwa na jarida kwa picha ya mwanamuziki Prince iliyotokana na picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith bila Goldsmith kupata chake. Sheria za huko si za hapa, lakini hasira za wapiga picha ni zilezile.

Fundi wangu anijengee ramani niliyoitoa kwenye intaneti?

Usanifu wa jengo nao unalindwa na hakimiliki, kwa hiyo nyumba inayorudia ramani ya mtu inahitaji idhini yake. Hilo ni la sheria. La akili ni kwamba ramani iliyochorwa kwa ajili ya Florida haijui mvua ya Kakamega wala jua la Ahero. Kumbuka pia kaunti itataka mhuri wa msanifu aliyesajiliwa.

Usasaleo si ulikwisha zamani?

Kama mtindo, ndiyo. Katikati ya miaka ya 1990 wasanifu wengi walishauona umepitwa na wakati. Siku hizi majengo yale yanalindwa kama turathi: jumba la AT&T liliorodheshwa mwaka 2018. Tabia ya kunukuu haikwenda popote.

Zoezi langu linataka mfano wa Kisumu. Nichague nini?

Usichague duka kubwa la vioo kwa sababu ni jipya. Tembea Oginga Odinga Street ukiangalia juu ya mabango, pale kwenye ukingo wa paa za maduka ya zamani ya Wahindi, uone mapambo ya saruji yaliyofunikwa na matangazo ya simu. Au nenda Dunga asubuhi, mitumbwi ikiwa ufukoni, usome majina na michoro iliyopakwa ubavuni: wachezaji wa mpira, mistari ya Zaburi, wanasiasa. Chagua kitu kimoja. Andika kinanukuu nini, kimebadilisha nini katika nukuu hiyo, na nani anatarajiwa kuitambua. Hilo la tatu ndilo wanafunzi hulisahau, na ndilo lenye alama nyingi kwa wahadhiri ninaowafahamu.

Mwenye mtumbwi muulize kabla ya kupiga picha, na ukipewa hadithi ya jina la mtumbwi iandike ilivyosemwa. Karibu na bandari na stesheni ya reli, zungumza kwanza na askari wa langoni.